Shamba Lisiloitika

Katika miaka yake hamsini na sita, Stamili hakuwahi kumwomba mtu mbegu ya njugu. Watu ndio waliokuja kwake. Kila Desemba, mvua ya kwanza ikishapita, wanawake wa kijiji kile kilicho ukingoni juu ya bonde la Ruvuma, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Newala mjini, walikuja uani kwake na vibakuli, naye akawapimia njugu mawe: nyekundu, nyeupe, na zile za madoadoa alizoziita macho ya kwale. Hakuwa na cheo wala duka, na shule aliiacha darasa la saba. Alikuwa na ekari moja na nusu aliyorithi kwa mama yake, ambaye naye aliirithi kwa mama yake, na alikuwa na sifa ya kujua kutunza mbegu. Mbegu ya Stamili haikutobolewa na fukusi. Hilo lilijulikana mpaka Kitangari.

Lakini misimu mitatu mfululizo shamba lake lilikuwa limeacha kuzaa. Njugu ziliota vizuri, zikasimama kimo cha kiganja, kisha zikaanza kugeuka manjano kutoka majani ya chini kupanda juu. Ukizing'oa hukuti kitu cha maana. Maganda mawili, matatu, mengi yao matupu. Msimu wa kwanza alilaumu jua. Wa pili akalaumu panya. Wa tatu hakuwa na wa kumlaumu, mbegu zikatoka kwenye akiba, na Rukaiya, mwanawe wa pekee aliyekuwa akishona nguo Masasi, akaanza kumpigia simu kila Ijumaa.

"Mama, njoo ukae huku. Chumba ni kimoja lakini tutabanana."

"Nikija huko nitalima nini?"

"Hutalima. Utapumzika."

Stamili alipokata simu alikaa muda mrefu akiitazama mikono yake, kama vile neno lile la kupumzika lilikuwa limesemwa juu ya maiti.

Mwishoni mwa Novemba kaka yake mkubwa, Mahmudu, alikuja kabla ya jua kuwa kali. Mahmudu alikuwa mkulima wa korosho, mtu mkimya, mwenye kikohozi kisichoisha cha wapuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Mikorosho yake ilipakana na shamba la Stamili upande wa kusini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mama Rukaiya, nina jambo moja, nalisema nikiwa nimesimama."

"Basi ni baya. La heri ungeliketia."

Hakucheka. "Nina miche arobaini. Mizizi imeshatoboa viriba, inataka ardhi mvua hizi hizi. Shamba la bibi limekufa. Wewe unajua, mimi najua, hata kuku wanajua, siku hizi hawaendi kuparua huko."

Kwa desturi yao ardhi hufuata upande wa mama, na mwanamke hulima bila kuulizwa. Lakini shamba likisemekana limekufa, mwenye kauli ni kaka. Na shamba la chakula ni la anayelilima, ila shamba la mikorosho ni la aliyeipanda, na baada yake ni la watoto wake. Miche arobaini ikishaingia, ardhi ya bibi haitarudi tena kwa Rukaiya wala kwa yeyote atakayezaliwa na Rukaiya. Isitoshe, mkorosho huishi kuliko mtu.

"Na mimi nitakula wapi?"

"Utaokota korosho kwangu. Sitakutupa, wewe ni dada yangu."

"Kuokota," alisema Stamili.

"Kuokota si kosa."

"Nipe msimu huu, kaka."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Basi nipe mpaka njugu zitoe maua. Maua tu."

Mahmudu alikohoa, akatema mate kando, akafikiri. Hakuwa mtu mbaya. Chini ya kwapa alikuwa amebana kifurushi cha unga wa muhogo aliomletea, na hata hakukumbuka kumkabidhi mpaka alipokuwa anaondoka. "Mpaka maua," alisema. "Shamba likiwa la kijani, miche naipeleka kwingine. Likiwa la manjano, usije ukanililia."

Siku iliyofuata Stamili alimfuata bwana shamba. Huyu aliitwa Yeremia, kijana wa Lulindi, Mmakua, aliyepanga chumba karibu na soko la Newala. Alikuja na pikipiki yake, akachota udongo wa shamba kwa kikombe, akaunusa, akausugua kati ya vidole. Kisha akauliza swali ambalo Stamili hakulitarajia.

"Mama, unajua njugu haili peke yake?"

"Inakula na nani?"

"Na bakteria. Viumbe wadogo, hata ukikodoa macho huwaoni. Hii hewa tunayovuta, sehemu yake kubwa ni naitrojeni, na naitrojeni ndiyo inayofanya jani liwe kijani. Ila mmea hauwezi kuila hivi hivi. Ni kama korosho iliyo ndani ya ganda. Chakula kipo, lakini ukiing'ata mafuta ya ganda yanakubabua mdomo. Hao bakteria ndio wanaojua kuibangua."

"Wanabangua bure?"

"Wewe unabangua bure?" Yeremia alichuchumaa, akachora mzizi mchangani kwa kijiti. "Mzizi wa njugu unatoa kitu udongoni, tuseme kama harufu. Kila mmea una yake. Bakteria wa njugu wakiipata wanaifuata, wanaingia mzizini, mzizi unavimba kinundu. Humo ndani mmea unawashushia utamu uliopikwa na majani juani. Wanauchoma kama kuni, na kwa moto huo wanabangua hewa. Wao wanapata chakula, njugu inapata naitrojeni, na nyingine inabaki shambani kwa mahindi yako ya mwakani."

Stamili alikitazama kile kichoro. Miaka arobaini alikuwa akivuna njugu na kukung'uta vile vivimbe mizizini, akidhani ni ugonjwa. Bibi yake pia alidhani hivyo. "Kumbe mzizi unaita," alisema.

"Unaita."

"Na hapa kwangu?"

"Hapa nadhani unaita, ila hakuna wa kuitika."

Akatoa kwenye mkoba wake pakiti moja ndogo ya unga mweusi kama masizi, iliyobaki kwenye mashamba ya majaribio. Ndani yake, alisema, walikuwemo bakteria wenyewe, wazima. Achanganye na maji kidogo yenye sukari ili wagande kwenye mbegu, afanyie kivulini, apande siku hiyo hiyo. Baada ya wiki sita ang'oe mche mmoja, akipasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani kama nyama, wamo na wanafanya kazi. Kikiwa cheupe, wapowapo tu.

"Kisipokuwepo?"

"Kisipokuwepo unipigie."

"Nyie Wamakua," alisema Stamili kwa utani, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu. "Huko Lulindi mnafuga mpaka bakteria."

"Tunawabatiza kwanza, mama. Hao wako nimekuletea kabla ya ubatizo, maana najua wewe ni Mwislamu."

Mvua ilinyesha tarehe kumi na mbili Desemba. Stamili alipanga foleni bombani tangu alfajiri kwa ndoo moja. Sukari aliitoa kwenye kopo la chai. Wiki nzima iliyofuata alikunywa uji usio na sukari. Akatandika turubai chini ya upenu wa jiko, akaitoa mbegu.

Mbegu yake aliitunza kwenye mfuko wa salfa. Huo ndio ulikuwa ujuzi wake, na ndio uliompa jina. Zamani bibi yake alitunza njugu kwenye vibuyu, akizichanganya na majivu yaliyochekechwa na kuziba mdomo kwa gunzi. Kazi ya kutwa nzima kwa mbegu chache. Ni Stamili aliyegundua, mwaka ambao Mahmudu alianza kupuliza salfa kwenye mikorosho yake, kwamba mfuko uliokwisha usipokung'utwa, ule unga wa manjano unaosalia ndani hauruhusu mdudu kusogea. Akawafundisha wenzake. Sasa hakuna nyumba pale kijijini isiyokuwa na mfuko wa salfa uliojaa mbegu, umening'inizwa darini. Kibuyu kilibaki kimoja tu jikoni kwake, alichokijaza upya kila mwaka kwa heshima ya marehemu, si kwa kukihitaji.

Akamimina mbegu kwenye beseni, zikiwa na vumbi lao la manjano, akanyunyiza maji ya sukari, akamwagia ule unga mweusi, akazikoroga kwa mkono taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga. Alikuwa akinong'ona bismillahi. Kufikia adhuhuri alikuwa amepanda shamba zima, isipokuwa alibakiza unga kidogo kwenye pakiti, ambao kwa ubahili wa mtu aliyekwishaumia aliufunga na kuuficha chini ya mtungi wa maji, penye baridi.

Siku ya tatu kwale walifukua kona ya magharibi, mahali padogo kama mikeka miwili. Mfuko wa salfa ulikuwa mtupu. Alikiangua kile kibuyu, akapepeta majivu, akachanganya zile mbegu na unga uliobaki, akaziba mapengo. Hakulitia jambo hilo moyoni.

Mwezi wa kwanza shamba lilikuwa kijani, na Stamili akathubutu kumwambia Rukaiya kwenye simu kwamba asitafute kitanda. Mwezi wa pili ulipoanza aliona jani moja la manjano. Akalichuma, akaliweka mfukoni, kana kwamba asipoliacha shambani mengine hayataliona. Kesho yake yalikuwa mengi kuliko mfuko. Akaacha kwenda shambani siku mbili. Siku ya tatu akaenda na kijembe, akapiga goti kwenye tuta la kwanza, akang'oa mche.

Mizizi ilikuwa safi. Myeupe, laini, kama nywele za hindi bichi. Haikuwa na kinundu hata kimoja.

Akang'oa mwingine. Akang'oa wa tatu, wa kumi. Alikwenda kwa magoti tuta baada ya tuta, akivunja kile alichokipanda, akitimua udongo kwa vidole na kutafuta kile kivimbe alichokuwa akikikung'uta miaka yote bila kukijali. Jua lilipofika utosini alikuwa ameng'oa miche zaidi ya sitini, imelala nyuma yake kwa mstari. Upepo ulikuwa unapanda kutoka bonde la Ruvuma. Kila mzizi ulikuwa umeita, na kila mzizi ulikuwa umekufa ukiita. Stamili akalala kifudifudi juu ya udongo ule, shavu likiwa chini, akasikiliza. Kimya cha udongo huo kilikuwa kama cha nyumba iliyohamwa.

Yeremia alikuja alasiri. Aliitazama mizizi, akaikung'uta, akaitazama tena.

"Uliuacha unga juani?"

"Kivulini."

"Sukari ulitia?"

"Nilitia ya wiki nzima."

"Mbegu zilitunzwa kwenye nini?"

Stamili akaingia ndani, akarudi na mfuko, akamkabidhi. Yeremia aliupindua, vumbi la manjano likamshika vidole.

"Mama, hii ni dawa ya kuua ukungu. Haichagui. Bakteria uliwagandisha juu ya salfa. Walikwisha hapo hapo kwenye beseni." Kisha akageuka kuitazama mikorosho ya Mahmudu. "Na salfa ya pale, wakati wa kupuliza, upepo unaipeleka wapi?"

"Kwangu. Kuanzia Juni nguo zangu kwenye kamba huwa za manjano."

"Miaka mingapi sasa?"

"Kumi na minane."

"Ikikaa ardhini inageuka tindikali. Waliokuwemo humu tangu zamani wakapungua, wakaisha. Hapo hata mzizi ukiita, mwito haufiki mbali." Aliona uso wake, akaongeza haraka, "Hukujua, mama. Nani alijua? Hata mimi nilipaswa kukuuliza mapema."

Lakini Stamili hakuwa akilifikiria shamba lake tena. Alikuwa akiviona vibakuli. Kila Desemba, nyumba kwa nyumba, mbegu yenye vumbi la manjano iliyotoka mkononi mwake. Zuhra, jirani yake, aliyelalamika mwaka juzi kwamba njugu zake zimekuwa ndogo kama pilipili manga, naye akamcheka, akamwambia alime kwa bidii. "Niliwapa wote," alisema. "Niliwapa mimi, kwa mkono wangu."

Yeremia aliahidi kutafuta pakiti nyingine msimu ujao, na chokaa ya kupunguza tindikali, akawasha pikipiki. Msimu ujao! Maua yalikuwa yamekwisha kutoka, madogo, yamejificha chini ya majani ya manjano.

Mahmudu alikuja asubuhi ya pili na toroli la miche, kamba na jembe la kuchimbia. Alisimama tu mpakani akimsubiri dada yake atoe ruhusa ambayo hakuihitaji. Stamili akaitikia kwa kichwa. Kaka mtu akafunga kamba kwenye kijiti upande wa mashariki, akaanza kupima hatua kutoka shimo hadi shimo.

Kwa kuwa hakutaka kuona jembe likiingia, Stamili alitembea kwenda mbali nalo, mpaka kona ya magharibi, ambako hakuwa amefika tangu siku ya kwale. Hapo akasimama.

Palikuwa kijani. Kijani kile cha zamani, kizito, kinachokaribia kuwa cheusi, mahali pa ukubwa wa mikeka miwili, na pembeni yake manjano tupu. Alipiga goti. Akachimba kwa vidole, akaunyanyua mche mmoja na udongo wake wote. Vinundu vilikuwa vimeshikana kwenye mizizi kama shanga. Akakibana kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu, na kidole chake kikalowa kama kimechomwa mwiba.

Alikimbia. Hakuwa amekimbia kwa miaka mingi, na khanga ilimdondoka mara mbili.

"Kaka, tazama! Wamo. Tazama humu ndani."

Mahmudu alichukua ule mche, akaugeuza, akakitazama kile chekundu bila kukielewa. "Nini hiki?"

Akamweleza, kwa pumzi zinazokatika, kila alichoambiwa: harufu, utamu, kubangua hewa, kibuyu na majivu. Akaeleza na salfa. Alipofika hapo sauti ilimshuka, kwa kuwa hakujua kusema jambo lile bila kumshtaki.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeliua shamba la bibi," alisema Mahmudu.

"Wewe na mimi. Wewe kwa mashine, mimi kwa mfuko."

Akakohoa, kikohozi kirefu, akishika mpini wa jembe. "Nisipopuliza, mikorosho inashikwa na ukungu, nakosa hata mfuko mmoja. Nitakula nini? Na wanangu?"

"Sijui, kaka."

"Pale pa kijani ni pakubwa kiasi gani?"

Stamili alitamani kudanganya. "Mikeka miwili."

"Dada yangu." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomvunja. "Tulisema shamba. Hatukusema mkeka." Akamrudishia mche wake, akautazama mstari wa kamba, akahesabu kwa midomo. "Kona hiyo nitaruka shimo moja. Vuna utakachovuna."

Alikuwa anatoa alichokuwa nacho, na Stamili alilijua hilo. Alijua pia kwamba mikorosho ikikua, kivuli kitaifikia kona ile kutoka pande mbili, na kila Juni vumbi la manjano litashuka juu yake bila kupita njia ndefu tena. Msimu mmoja, labda miwili. Halafu na hapo patanyamaza.

Akarudi nyumbani, akachukua ndoo na ngata. Nyuma ya jiko palikuwa na kipande cha ardhi kigumu, alikomwaga majivu na maji ya vyombo, ambako nyumba yenyewe ilizuia upepo wa kusini. Akapalima kwa kijembe, jasho likimwingia machoni. Kisha akaenda kona ya magharibi, akachota udongo kati ya mistari, kwa uangalifu asiiguse mizizi, akajaza ndoo, akajitwika. Aliporudi mara ya tano, Zuhra alikuwa amesimama njiani.

"Mama Rukaiya, unabeba nini jua lote hili?"

"Nenda kalete kibakuli," alisema Stamili. "Sina mbegu. Nitakupimia udongo." Akaona mwenzake anavyomtazama, jinsi mtu anavyotazamwa akishaanza kuchanganyikiwa, na hakuwa na nguvu za kujitetea. "Uukoroge na majivu, uutie kwenye mashimo yako utakapopanda njugu. Na ule mfuko wa salfa niliokufundisha, utupe. Nisamehe kwa mfuko ule."

Hakujua kama bakteria wa udongo ule wataitika huko nyuma ya jiko. Yeremia mwenyewe, alipopigiwa simu, alisema huenda, akarudia huenda. Rukaiya alikuwa amekwishanunua kitanda cha kamba, futi mbili na nusu, na Stamili hakumwambia akirudishe.

Jioni ilipokaribia, Mahmudu alikuwa amefika katikati ya shamba. Alinyoosha mgongo, akamwona dada yake akipita tena na ndoo kichwani, shingo imekakamaa.

"Mama Rukaiya! Unahamisha shamba kwa ndoo?"

"Ndiyo."

"Utamaliza lini?"

"Umechimba mashimo mangapi?"

"Kumi na tisa."

"Basi bado nina muda," alisema, akashika mdomo wa ndoo kwa mkono mmoja, akaenda kumwaga.